Mwanafunzi wa Ishirini

Mwezi Juni 2009, mjini Atlanta, Marekani, walikutana watu ambao kazi yao ni kukusanya takwimu za vyuo vikuu. Ofisa mmoja wa Chuo Kikuu cha Clemson, chuo cha umma katika jimbo la South Carolina, alisimama akaeleza jinsi chuo chao kilivyopanda kwenye orodha ya jarida la U.S. News & World Report: mwaka 2001 kilikuwa cha 38 miongoni mwa vyuo vya umma, na kufikia 2008 kilikuwa cha 22. Sehemu ya maelezo yake ilihusu madarasa. Jarida lilikuwa likikipa chuo alama kadiri kilivyokuwa na madarasa mengi yenye wanafunzi pungufu ya 20, na kukikata alama kwa yale yenye 50 au zaidi. Basi madarasa yaliyokuwa na wanafunzi 20 hadi 25 yalipunguzwa watu wachache, yakabaki na 18 au 19. Darasa lenye 55 liliachwa lijae hata lifike 70, maana likishavuka 50 hasara imeshaingia, haiongezeki tena. Uongozi wa chuo ulikanusha baadhi ya aliyoyasema ofisa huyo, lakini hesabu ya madarasa ilieleweka kwa kila aliyekuwa ukumbini.

Tangu niliposoma habari hiyo sijaacha kumfikiria mwanafunzi wa ishirini. Namwona amekuja kujiandikisha, kalamu mkononi, anaambiwa somo limejaa. Viti vipo na mhadhiri yupo. Kilichokosekana ni nafasi yake katika jedwali. Pengine alipelekwa kwenye lile darasa la 55. Wale 19 waliobaki hawakufundishwa vizuri zaidi kwa sababu yeye katoka, na wale 55 hawakupata chochote kwa yeye kuingia. Hata hivyo, mwaka ule chuo kilihesabiwa kuwa kimeboresha ufundishaji.

Sura hii inahusu neno hilo, ufundishaji, na vitu vinavyowekwa mahali pake.

Utafiti huacha nyayo. Makala inachapishwa, inanukuliwa na wengine, na kompyuta iliyo nchi nyingine inaweza kuzihesabu nukuu hizo bila kumjua mwandishi. Ufundishaji haufanyi hivyo. Saa ikiisha ubao unafutwa, mlango unafunguliwa, kundi jingine linaingia. Kilichotokea humo ndani kimebaki kwenye vichwa vya waliokuwepo, na pengine hata wao hawatajua kilichowapata mpaka baada ya miaka. Anayetaka kupanga vyuo elfu mbili duniani kwa ubora wa kufundisha hawezi kukaa nyuma ya kila darasa. Anatafuta basi kitu kilicho karibu na darasa ambacho kinaweza kuandikwa kwa tarakimu, na kitu hicho, mara nyingi, anaomba aandikiwe na chuo chenyewe.

Yaliyotokea New York mwaka 2022 yanaonyesha hatari ya ombi hilo. Chuo Kikuu cha Columbia kilikuwa cha 18 katika orodha ya U.S. News mwaka 1988. Katika orodha iliyotolewa Septemba 2021 kilikuwa cha pili, sambamba na Harvard na MIT. Profesa wa hisabati wa chuo hicho hicho, Michael Thaddeus, alitazama takwimu zilizokifikisha hapo akashangaa. Chuo kilikuwa kimeripoti kwamba asilimia 82.5 ya madarasa ya shahada ya kwanza yana wanafunzi pungufu ya 20. Yeye alikuwa akifundisha hapo na hakuyaona madarasa hayo. Akafungua orodha ya masomo iliyo wazi kwa kila mtu kwenye tovuti ya chuo, ile ambayo wanafunzi hutumia kutafuta chumba na saa, akahesabu darasa moja baada ya jingine. Jibu alilopata lilikuwa kati ya asilimia 62.7 na 66.9.

Akaendelea. Chuo kilisema walimu wake wote wa kudumu, asilimia 100, wana shahada ya uzamivu au shahada ya juu kabisa katika fani yao. Aliwapata kadhaa wasio nayo, na baadhi yao walikuwa fahari ya chuo. Orhan Pamuk, mwandishi wa Uturuki aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2006, alikuwa akifundisha Columbia, na hana uzamivu. Hapa napenda tusimame kidogo. Mwandishi wa namna hiyo anapokaa na vijana kuzungumzia riwaya, orodha inamwandika kama upungufu. Na chuo, badala ya kusema wazi kwamba tunaye mtu huyu na hatuoni haya, kikapeleka asilimia 100.

Halafu zikaja fedha. Columbia iliripoti kutumia zaidi ya dola bilioni 3 kwa mwaka katika kufundisha, kiasi kilichozidi jumla ya Harvard, Yale na Princeton zikiwekwa pamoja. Thaddeus alionyesha kuwa ndani ya hesabu hiyo yalikuwamo matumizi ya kutibu wagonjwa katika hospitali zinazohusiana na chuo. Mwanzoni chuo kilitetea takwimu zake. Septemba mwaka huo kilikiri kwamba taarifa zake za ukubwa wa madarasa na sifa za walimu zilikuwa na makosa, na orodha mpya ikakirudisha nafasi ya 18. Mwaka 2023 kikatangaza kujitoa, na jarida nalo likaacha kabisa kuhesabu ukubwa wa madarasa.

Jambo ambalo sioni likisemwa vya kutosha ni hili: kati ya 2 na 18, hakuna mhadhiri aliyebadilika, wala somo lililofutwa, wala mwanafunzi aliyejua kidogo zaidi ya alivyojua mwezi uliotangulia.

Orodha za dunia nzima zina njia zao. Ile ya Shanghai, iliyoanza mwaka 2003, ina kipengele kinachoitwa ubora wa elimu, chenye asilimia 10 ya alama zote. Kinapimwa kwa idadi ya wahitimu waliopata Tuzo ya Nobel au Medali ya Fields ya hisabati. Basi, hakuna kingine. Chuo kinachofundisha wauguzi elfu kwa mwaka, wakaenda kusimamia wodi za wazazi katika wilaya ambazo hazina daktari, kinapata sifuri hapo. QS ya Uingereza hutazama uwiano wa walimu na wanafunzi. Kwa muda mrefu uwiano huo ulibeba asilimia 20 ya alama, na katika orodha ya 2024 ukapunguzwa hadi 10.

Times Higher Education, nayo ya Uingereza, ndiyo iliyojenga nguzo nzima yenye jina la ufundishaji, na kwa hiyo ndiyo inayostahili kutazamwa kwa karibu. Katika utaratibu wake ulioanza na orodha ya 2024, nguzo hiyo ina asilimia 29.5 ya alama. Ukiifungua, asilimia 15, yaani zaidi ya nusu, zinatokana na maoni: wanataaluma duniani wanaulizwa ni vyuo gani wanaviona bora kwa kufundisha katika fani yao. Asilimia 4.5 ni uwiano wa walimu na wanafunzi. Asilimia 5.5 ni idadi ya shahada za uzamivu ikilinganishwa na walimu, na 2 ni idadi hiyo ikilinganishwa na shahada za kwanza. Asilimia 2.5 zilizobaki ni mapato ya chuo.

Fikiri kuhusu hayo maoni. Mimi nimefanya kazi miaka kadhaa nikiwa nimetenganishwa na mwenzangu kwa ukuta mmoja wa matofali, na siwezi kuapa kwamba najua anavyofundisha. Najua anafika mapema. Najua wanafunzi wake hucheka. Zaidi ya hapo najua alichoandika, kwa sababu nimekisoma. Mtu wa Kampala akiulizwa ni chuo gani cha Uholanzi kinafundisha kemia vizuri, atajibu kwa kile alichosoma kwenye majarida, yaani kwa utafiti. Majina yale yale makubwa yanarudi, safari hii yakiwa yamevaa joho la ufundishaji, na mwaka unaofuata anayeulizwa ameshaiona orodha ya mwaka jana.

Uwiano wa walimu na wanafunzi unaonekana kuwa kitu cha hakika zaidi, hesabu tu ya vichwa. Niliwahi kuwa msaidizi wa mhadhiri katika chuo kimoja cha hapa kwetu, na siku moja fomu ilipita mezani ikiuliza idara ina walimu wangapi. Tuliandika 24. Kati ya hao, tisa walikuwa masomoni nje ya nchi, watatu walikuwa na vyeo vya utawala vilivyowaondoa darasani kabisa, na mmoja alikuwa mgonjwa mwaka mzima. Hatukudanganya: wote 24 walikuwa waajiriwa na mishahara yao ilikuwa inaingia. Lakini semina yangu, ambayo kwenye ratiba ilikuwa ya watu 15, ilikuwa na 60. Waliochelewa walisimama dirishani kwa nje, na mmoja wao, kijana mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alizoea kuandika akiwa ameweka daftari kwenye kizingiti cha dirisha. Alikuwa akiuliza maswali kuliko wengi waliokaa. Muhula wa pili sikumwona tena. Kwa fomu ile, uwiano wetu ulikuwa mzuri.

Hapa Afrika Mashariki, orodha inayotajwa sana magazetini si hata mojawapo ya hizo. Ni Webometrics, iliyoanzishwa mwaka 2004 na maabara moja ya baraza la utafiti la taifa la Hispania. Binti wa kaka yangu alinijia nayo Julai, matokeo ya kidato cha sita yalipotoka.

"Shangazi shikamoo. Nimeangalia, hiki ni cha tatu nchini, hiki cha saba. Naomba cha tatu, au siyo?"

Nilimwuliza kama anajua wanapima nini. Hakujua, na sikumlaumu, maana gazeti alilolisoma halikuandika. Webometrics hutazama chuo kinavyoonekana kwenye intaneti, na nusu ya alama zinatokana na tovuti za nje zinazoelekeza wasomaji kwenye tovuti ya chuo. Sehemu nyingine ni nukuu za utafiti. Kufundisha hakumo kabisa, na waanzilishi hawakuahidi kuwa kumo. Ni sisi tunaoichukua na kuiandika kuwa orodha ya vyuo bora, na mtoto anajaza fomu ya udahili kwa kuitegemea. Hili linaniumiza kuliko ujanja wote wa Clemson, kwa sababu halina hata aliyelipanga.

England walijaribu njia nyingine. Serikali ilianzisha mfumo wa kupima ubora wa ufundishaji vyuoni, na Juni 2017 matokeo yakatoka kwa madaraja ya dhahabu, fedha na shaba. Oxford na Cambridge walipata dhahabu. London School of Economics, chuo ambacho jina lake peke yake hufungua milango ya wizara na benki duniani, kilipata shaba. Nakumbuka kishindo cha habari hiyo kwa watu wa vyuo. Sifa ya utafiti na alama ya kufundisha zilikuwa zimeachana mbele ya umma, na kwa hilo tu nawashukuru waliojaribu.

Walipima nini? Maoni ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho, yanayokusanywa nchi nzima tangu 2005. Idadi ya wanaoendelea na masomo bila kuacha. Idadi ya wanaopata kazi au kuendelea na masomo ya juu wakihitimu. Takwimu hizo zilisawazishwa kulingana na aina ya wanafunzi, ili chuo kinachopokea watoto wa maskini kisionewe. Juu yake, kila chuo kiliandika maelezo yasiyozidi kurasa 15, na jopo lililokuwa na wanafunzi ndani yake likasoma. Ni kazi ya uangalifu. Lakini hata hapo hakuna aliyeingia darasani, na mzigo mkubwa ulibebwa na swali kama mwanafunzi ameridhika.

Swali la kuridhika lina majibu yake, na yaliyo bora ninayoyajua yanatoka mahali ambapo wengi wasingepafikiria, chuo cha maofisa wa Jeshi la Anga la Marekani kilichoko Colorado Springs. Wachumi wawili, Scott Carrell na James West, walichapisha matokeo yao mwaka 2010. Chuo hicho kina tabia tatu adimu. Mwanafunzi hachagui mwalimu wa somo la lazima. Anapangiwa kwa bahati nasibu. Wote wanaosoma somo hilo hufuata mtaala mmoja na kufanya mtihani mmoja. Na baada ya kalkulasi ya kwanza, kila mmoja, apende asipende, ataingia kalkulasi ya pili na masomo ya uhandisi yanayoitegemea. Hivyo unaweza kumfuata mwanafunzi kutoka mikononi mwa mwalimu mmoja hadi mwingine, na kuona kile alichoondoka nacho. Walifuatilia zaidi ya wanafunzi 10,000, kuanzia mwaka 2000 hadi 2007.

Walimu wenye uzoefu mdogo na elimu ndogo zaidi walitoa wanafunzi waliofaulu vizuri mtihani wa kalkulasi ya kwanza, na wanafunzi hao waliwapa alama nzuri za maoni. Walimu wakongwe, wenye uzamivu, walipata maoni hafifu zaidi na matokeo ya chini kidogo mwaka huo. Kisha wanafunzi wakaingia masomo yanayofuata. Hapo waliofundishwa na wakongwe wakawa mbele. Kwa wastani, mwalimu aliyependwa zaidi ndiye ambaye wanafunzi wake walitatizika zaidi baadaye.

Naweza kukuonyesha jinsi inavyotokea, kwa sababu kila aliyesoma chuo hapa ameiona. Kuna mwalimu anayetoa madesa safi, kurasa 40, na maswali ya mtihani yanatoka humo humo. Wiki mbili kabla ya mtihani mashine za fotokopi hazilali, watu wanakaa kwenye vimbweta wanakariri, na hakuna anayesapu, yaani kurudia mtihani. Na kuna mwingine anayeandika swali ubaoni, anaweka chaki chini, anasubiri. Ukimya unakuwa mzito. Mtu mmoja anajaribu, anakosea, naye anauliza kwa nini ulidhani hivyo. Saa inaisha wamefanya maswali mawili tu. Wanatoka wakilalamika kwamba hafundishi. Harvard walilijaribu jambo hili kwenye darasa la fizikia, na mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wakachapisha matokeo: wanafunzi waliohangaika na maswali wenyewe walijifunza zaidi kuliko waliosikiliza mhadhara uliotolewa kwa ufasaha, lakini walipoulizwa, walidhani wamejifunza kidogo zaidi. Ugumu wa kufikiri waliuhesabu kuwa dalili ya kutofundishwa.

Sisemi maoni ya wanafunzi yatupwe. Mwanafunzi anajua kama mwalimu hakutokea. Anajua kama karatasi yake haikurudishwa, kama alidharauliwa, kama alitakiwa atoe kitu ili afaulu. Hayo ni mambo mazito na hakuna mwingine wa kuyasema. Ninachosema ni kwamba kujifunza kunaonekana kwenye somo linalofuata, na orodha hutoka kila mwaka.

Kulikuwa na jaribio moja la kupima kujifunza kwenyewe kuvuka mipaka ya nchi. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD), kwa mradi ulioitwa AHELO, liliwapa mtihani karibu wanafunzi 23,000 wa nchi 17, zikiwemo Misri na Kuwait, kuwapima kufikiri kwa jumla, uchumi na uhandisi. Kufikia 2015 nchi wanachama hazikukubaliana kuendelea. Vyuo vyenye majina makubwa vilikuwa na kitu cha kupoteza na havikuwa na cha kupata, na nadhani hilo lilichangia zaidi kuliko hoja zote za kitaalamu zilizotolewa.

Baadhi ya vyuo vimeanza kugoma. Taasisi kadhaa za teknolojia za India ziliisusia Times Higher Education mwaka 2020, na Chuo Kikuu cha Zurich kikatangaza kujitoa Machi 2024. Wachapishaji nao wanatafuta njia. Mwaka 2023 Times Higher Education ilitoa orodha ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara, na humo ikaingiza fursa na usawa, ujuzi wa kufundisha na ushiriki wa wanafunzi. Ni hatua inayotambua kwamba chuo cha kwetu kina kazi ambazo vipimo vya Marekani na Uingereza havizioni. Lakini fomu bado zinajazwa na vyuo vyenyewe.

Oktoba 1961, katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, chuo kikuu cha kwanza cha Tanganyika kilianza na darasa moja la sheria. Wanafunzi wake hawakufika 20. Mmoja wao, mwanamke pekee, alikuwa Julie Manning, aliyekuja kuwa Waziri wa Sheria. Kwa kipimo cha zamani cha U.S. News darasa lile lingepata alama zote, na ni kweli kwamba katika kundi dogo kama lile mwalimu anamjua kila mtu kwa jina. Leo nchi inahitaji maelfu, na hatuwezi kumwambia mwanafunzi wa ishirini, wala wa mia mbili, kwamba somo limejaa. Kazi iliyopo ni kujua kama anafundishwa akiwa humo ndani.

Kwa hiyo nilimpa binti wa kaka yangu nauli na daftari. Nilimwambia aende kwenye vyuo viwili alivyovitaka, asiende siku ya maonyesho. Aingie kwenye mhadhara wa mwaka wa kwanza akae nyuma. Ahesabu waliosimama. Aangalie kama kuna swali lililoulizwa kutoka safu ya mwisho na kama lilijibiwa. Halafu atafute mtu kwenye kimbweta amwombe amwonyeshe karatasi ya kozi wek, yaani zoezi la muhula, iliyosahihishwa.

Alirudi baada ya siku nne. Kwenye kile cha tatu hakupata karatasi hata moja. Wanafunzi wote aliowauliza walimwambia alama hubandikwa kwenye mbao za matangazo na karatasi hazirudi. Kwenye kile cha saba dada mmoja wa mwaka wa pili wa uhandisi alifungua begi akatoa zoezi la kalkulasi la mwaka uliopita, limekunjwa mara nne. Binti alilipiga picha na simu. Pembeni, kwa wino mwekundu, mhadhiri alikuwa amezungusha hatua ya tatu na kuandika kwamba jibu ni sahihi lakini hatua hii haitoki kwenye ile ya pili, uje unieleze.

"Akaenda?" nikauliza.

"Anasema alienda mara tatu, shangazi. Mara ya kwanza alijua anabishana tu. Mara ya tatu ndiyo ikaingia. Sasa anasema hesabu za mwaka wa pili anaziona kama anateremka."

Nikamwuliza mhadhiri huyo anaitwa nani. Jina hakuliuliza. Aliuliza ofisi iko wapi, akaiandika kwenye daftari: ghorofa ya kwanza, mlango wa mwisho kushoto, Jumanne na Alhamisi mchana.